Maji yanayopita kati ya fimbo

Tangu habari za kinu cha nyuklia zianze kuvuma Siaya, jamaa zangu wa Bondo hawaachi kunipigia simu. Wanajua kazi yangu ni geji na mita za boila katika kiwanda cha sukari huku Kisumu. Wengi huuliza kama ziwa litaharibika. Mjomba wangu akauliza jingine: "Mtu anajuaje kwamba maji yamefika kwenye kila fimbo?"

Fimbo ni zile zenye fueli ya kinu, ambazo maji hupita katikati yake kuzipoza. Ni swali la fundi kabisa. Sisi kwenye bomba la boila tunaweka bamba lenye tundu. Maji yakipenya pale presha hushuka, na tofauti ya presha kati ya pande mbili za bamba hutuambia maji mangapi yanapita. Shida ni kwamba mtiririko ukipungua nusu, tofauti hiyo hubaki robo tu. Maji yanapokuwa machache, ndipo kipimo kinapodhoofika.

Ndani ya kinu cha maji ya presha, aina iliyoenea zaidi duniani, fimbo hufungwa pamoja katika vifungu; kifungu kimoja cha kawaida kina fimbo 264 za fueli, kila moja na unene wa milimita 9.5 hivi na urefu wa karibu mita 4. Kinu kikubwa huwa na vifungu 193. Maji huingia na nyuzijoto 290 hivi, hutoka na takriban 325, na hayachemki kwa sababu presha ni kama baa 155. Yanapita katika mianya ya milimita chache kwa kasi ya mita 5 hivi kwa sekunde. Bamba utaliweka wapi? Na chochote unachokiingiza mle kinaweza kung'oka. Mwaka 1966 huko Michigan, katika kinu cha Fermi 1, kilichopozwa kwa sodiamu badala ya maji, vipande vya metali ya zirkoni viling'oka vikaziba njia, na sehemu ya fueli ikayeyuka.

Kwa hiyo kwa kawaida kila kifungu hakina mita yake. Mtiririko wote hupimwa nje, kwenye kiwiko cha bomba kubwa, ambako presha ya ukuta wa nje wa kona huzidi ya ndani. Juu ya baadhi ya vifungu kuna vipimajoto: maji yakitoka moto kupita hesabu, huenda ni machache. Yaliyobaki hutoka maabara, ambako kifungu cha mfano huwekwa kwenye maji na miale ya leza hufuatilia chembe zinazoelea kati ya fimbo. Kinu cha utafiti cha Halden, Norway, kilichofungwa 2018, kiliweka mita za panka ndogo ndani ya vifungu vya majaribio. Nakiheshimu sana kwa hilo.

Nimemwomba mjomba asimame barazani aulize hivi: kifungu mnachotuletea kilijaribiwa maabara gani, vipimajoto vitakaa juu ya vifungu vingapi, na kipimajoto kimoja kikifa, kinu kitaendelea kufanya kazi au kitazimwa?