Kumbukumbu ya mradi: riwaya za kutisha, za kurudia na mpya (wiki ya 1 hadi ya 10)

Hali ya mradi mwisho wa wiki ya 10: kati ya vitabu 9 vilivyopangwa, 5 vimemalizika, 1 kimeachwa njiani, 3 bado. Uwiano ni kitabu 1 cha kurudia kwa kila vipya 2. Nusu kwa nusu haifai, kwa sababu kitabu kinachojulikana mkono hukiendea wenyewe, na kile kipya kinakaa kikisubiri mpaka hamu yake inaisha.

Swali la mradi ni hili: ukishajua nani atakufa na mlango upi utafunguka, hofu inabaki wapi? Kwa tulipofika, jibu ni kwamba hofu inahama. Mara ya kwanza inakaa kwenye kutojua kitakachotokea. Mara ya pili inakaa kwa wahusika, maana msomaji anawaona wakicheka huku anajua kilicho mbele yao. Vitabu vya aina hizi mbili havisomwi kwa namna moja, na makosa mengi ya wiki hizi yalitokana na kuvisoma kwa namna moja.

Vifaa: daftari moja la mistari, penseli laini ya 2B isiyokwaruza karatasi, na vikaratasi vya kunata vya rangi mbili. Chekundu kinabandikwa pale mwili uliposhtuka kweli. Cha njano kinabandikwa kwenye dokezo, yaani jambo dogo ambalo mwandishi amelipanda mapema ili lije kuota baadaye. Kwenye kitabu kipya ni marufuku kutumia njano. Msomaji anayewinda madokezo katika usomaji wa kwanza anageuka mpelelezi, na mpelelezi haogopi.

Mwendo: kitabu kipya, kurasa 30 hadi 50 kwa kikao, cha kurudia, 20 tu. Hili linaonekana kinyume, lakini lina sababu yake. Kwenye kitabu kinachojulikana jicho linaruka: linaona mwanzo wa aya, kumbukumbu inajaza iliyobaki, na sentensi yenyewe haijasomwa. Anayejikuta amemaliza sura nzima ya kurudia kwa dakika tano arudi mwanzo wa sura, hajaisoma. Dawa nyingine ni kitabu cha sauti, kwa kasi ya kawaida bila kuiongeza, kwa sababu msomaji wa sauti haruki chochote. Kwa kitabu kipya sauti haikufaa: huwezi kusimama kwenye sentensi iliyokutia wasiwasi na kuisoma tena papo hapo bila kuhangaika na vitufe.

Wiki ya 1 hadi ya 4. Dracula ya Bram Stoker, 1897, ya kurudia. Hapa ndipo kazi kubwa ilipofanyika. Riwaya hii imeundwa kwa shajara, barua, simu za maandishi na vipande vya magazeti, karibu vyote vikiwa na tarehe, lakini mpangilio wa sura haufuati kalenda moja kwa moja. Sura ya 1 hadi ya 4 ni shajara ya Jonathan Harker, wakili kijana, ndani ya ngome ya mwenyeji wake Dracula, mnyonya damu, kuanzia tarehe 3 Mei hadi 30 Juni. Sura ya 5 inarudi nyuma hadi barua ya Mina, mchumba wa Harker, ya tarehe 9 Mei. Jaribio lilikuwa kuisoma upya kwa kufuata tarehe: orodha ya hati zote kwenye daftari, tarehe upande wa kushoto, ukurasa upande wa kulia, kisha kusoma kwa kuruka huku na huku. Orodha peke yake ilichukua jioni mbili.

Faida yake inaonekana mwezi Mei. Tarehe 19 Mei Harker anaombwa na mwenyeji wake aandike barua tatu za kwenda nyumbani, zikiwa na tarehe za mbele: 12, 19 na 29 Juni. Anaelewa papo hapo kwamba siku zake zimehesabiwa. Ukifuata kalenda, hati ya tarehe 24 Mei inafuata nyuma yake: barua ya Lucy, rafiki wa Mina, akimsimulia jinsi wanaume watatu walivyomposa siku moja. Barua tatu za kifo, posa tatu, siku tano kati yake. Kwa mpangilio wa kitabu mambo haya yametenganishwa na sura nzima na ni rahisi kutoyaunganisha. Kwa mpangilio wa tarehe, furaha ya Lucy inauma, kwa sababu msomaji wa mara ya pili anajua kwamba Septemba Lucy atakufa. Vikaratasi vya njano vilivyobandikwa kwenye kurasa hizo ni vingi kuliko popote pengine kitabuni.

Kilichokwama: baadhi ya hati hazina tarehe kamili, kwa mfano barua moja ya Lucy yenye siku ya wiki tu. Hizo ziachwe pale mwandishi alipoziweka. Kosa kubwa zaidi lilikuwa kuigawa kumbukumbu ya nahodha wa Demeter, meli iliyombeba Dracula kwenda Uingereza, iliyomo katika sura ya 7, na kuisambaza siku kwa siku kati ya hati nyingine za Julai na Agosti. Usifanye hivyo. Nguvu yake yote ni mabaharia kupotea mmoja baada ya mwingine bila msomaji kupewa nafasi ya kuvuta pumzi. Ukiikata vipande, inabaki taarifa ya usafiri. Isomwe nzima, kwa mkupuo.

Jambo jingine la kuangalia katika kurudia: baada ya sura ya 4, Dracula mwenyewe haonekani sana. Kitabu kinaendeshwa na alama zake, na uso wake haumo: popo dirishani, ukungu, alama mbili shingoni. Kumbukumbu ya msomaji inamkuza, ikidhani yupo kila ukurasa. Hili haliwezi kugunduliwa kwenye usomaji wa kwanza.

Wiki ya 5 na ya 6. Vitabu vipya viwili, kimoja kimemalizika, kimoja kimeachwa. Kosa la mpangilio lilitokea hapa: kipya cha kwanza kilikuwa nacho cha wanyonya damu, kikawekwa mara tu baada ya Dracula. Kila ukurasa ulipimwa kwa kitabu kilichotangulia na haukupata haki yake. Tangu hapo kanuni ni kwamba baada ya kitabu cha kurudia, kipya kiwe cha tawi jingine kabisa la hofu. Kikitoka cha mnyonya damu, kifuate cha nyumba yenye mizuka, au cha mwili unaobadilika, au cha hofu isiyo na kiumbe chochote.

Kilichoachwa kiliachwa kwenye theluthi, si kabla. Kurasa 50 zinatosha kuhukumu riwaya ya upelelezi. Kwa ya kutisha hazitoshi, kwa sababu mwandishi mzuri anahitaji kwanza kuijenga hali ya kawaida ili awe na kitu cha kuharibu. Namna ya kutofautisha kitabu cha polepole na kitabu kitupu: katika cha polepole, jambo likirudi linarudi na nyongeza. Kelele ya usiku wa kwanza ilitoka darini, ya usiku wa pili imeshuka ngazi. Katika kitupu, kelele ni ile ile. Hiki kilichoachwa kilikuwa na matukio manne ya kutisha hadi theluthi, na matatu kati yake yaliishia mhusika kuzinduka usingizini. Ndoto moja inavumilika. Ya tatu inamfundisha msomaji asiamini hofu yoyote inayokuja.

Wiki ya 7. The Turn of the Screw ya Henry James, 1898, ya kurudia. Ni fupi, utangulizi na sura 24, inafaa kusomwa mara mbili mfululizo. Daftari liligawanywa safu mbili: ushahidi kwamba mizuka ipo, na ushahidi kwamba mlezi wa watoto anaiona peke yake. Safu ya pili inajaa haraka. Kando ya ziwa, Bi. Grose, msimamizi wa nyumba, anaangalia pale pale na haoni kitu. Lakini ni Bi. Grose huyo huyo aliyemtambua Peter Quint, mtumishi aliyekwisha kufa, kwa maelezo ya mlezi tu, na hilo halifutiki kirahisi. Safu hazikufungana. Zimeachwa wazi.

Wiki ya 8 hadi ya 10. Vipya viwili, na kimoja kati yake kiko katikati ya kipya na cha kurudia: Frankenstein ya mwaka 1818, kwa anayeijua ile ya 1831 pekee. Mary Shelley aliifanyia marekebisho, na mojawapo linabadilisha nyumba nzima ya Victor Frankenstein, mhusika mkuu: katika toleo la 1818 mchumba wake Elizabeth ni binamu yake, katika la 1831 ni mtoto asiye wa ukoo aliyechukuliwa na familia. Kutambua toleo bila kusoma maelezo ya mchapishaji, tazama sura. Zikienda mfululizo hadi 24, ni la 1831. Zikigawanywa katika juzuu tatu na hesabu ikaanza upya kila juzuu, ni la 1818. Kwa mtu anayevutwa na vipenzi vyake lakini anataka kitu kipya, njia hii ndiyo bora tuliyoipata hadi sasa. Imehesabiwa upande wa vipya, kwa haki.

Wiki ya 11 inaanza na The Haunting of Hill House ya Shirley Jackson, 1959, ya kurudia. Maneno ya ufunguzi kuhusu ile nyumba yanarudi mwishoni karibu yalivyo, kwa hiyo aya ya kwanza inanakiliwa kwa mkono kwenye daftari kabla ya kuanza, na daftari linafungwa mpaka ukurasa wa mwisho.