Nilivyojifunza kuisoma rekodi ya Hayley Wickenheiser

Michezo 26, magoli 18, asisti (pasi za goli) 33, pointi 51, yaani magoli na asisti kwa pamoja. Hizo ni hesabu za Hayley Wickenheiser, mchezaji wa hoki ya barafuni ya wanawake wa Kanada, katika Olimpiki 5, kuanzia Nagano 1998 (fedha) hadi Sochi 2014, dhahabu 4 mfululizo zikiwemo. Nilipoanza kuzichambua nilizisoma kwa macho ya soka, nikapotea.

Katika hoki ya barafuni goli moja huweza kuzaa asisti 2: ya aliyempasia mfungaji na ya aliyempasia huyo wa kwanza. Kwa hiyo pointi za wachezaji ukizijumlisha hazilingani na magoli ya timu. Sasa naweka magoli na asisti safu mbalimbali, ndipo nagawanya kwa michezo: pointi 51 kwa 26 ni takriban 1.96.

Kosa kubwa zaidi ni kuchanganya wapinzani. Kanada iliifunga Italia 16–0 mwaka 2006, na Slovakia 18–0 mwaka 2010. Pointi za mechi hizo ni halali, ila hazipimi mchezaji. Mechi dhidi ya Marekani nazitenga kwenye jedwali lake. Katika fainali 5 za Wickenheiser, 4 zilikuwa dhidi yao. Msimu wake na wanaume huko Finland mwaka 2003 nao unakaa peke yake.

Kilichonichukua muda ni kazi isiyoandikwa popote. Fainali ya 2014 Kanada ilikuwa nyuma 2–0. Brianne Jenner akafunga, Marie-Philip Poulin akasawazisha zikibaki sekunde 54.6. Muda wa nyongeza Wickenheiser akachomoka peke yake kuelekea golini, Hilary Knight akaadhibiwa kwa kumzuia. Kanada wakawa na wachezaji 4 barafuni dhidi ya 3, na Poulin akamaliza kazi. Kwangu, mchomoko ule una thamani sawa na asisti, lakini kusababisha adhabu hakumpi mchezaji pointi yoyote.

Ndiyo maana nimeongeza safu ya adhabu alizowasababishia wapinzani. Karatasi ya mechi humtaja aliyeadhibiwa tu, hivyo lazima urudie video. Kwanza hakikisha saa inahesabu kupanda au kushuka: katika mchezo wa dakika 60, sekunde 54.6 zilizobaki ni dakika ya 59 na sekunde 5. Ukizichanganya, adhabu utaiandika kwenye tukio lisilo lake.