Kuku krispi wa nyumbani: hatimaye unga haubanduki

Wadau, limeshika. Jumapili hii ganda la unga limeng'ang'ania kuku mpaka mtu anauma paja, anavuta, na ganda na ngozi na nyama vinakuja pamoja. Ladha nilishaipata siku nyingi, viungo havijawahi kunisumbua (thomu, tangawizi, pilipili manga, paprika, chumvi, basi, sina siri yoyote), tatizo langu lilikuwa moja tu na limenikondesha. Unga unabanduka. Kuku anaingia kwenye mafuta kavaa vizuri, anatoka na rangi yake nzuri, akikaa tu sahani kidogo ukimgusa ganda linavuka lote kama koti la kuazima. Chini ngozi nyeupe, imelegea, inatia huruma. Mdogo wangu alikuwa anakula maganda ya watu wote anaacha nyama, afu anasema "bro mbona hii ni kuku wa kuchemsha".

Nimepita kwenye yai, yai na maziwa, mtindi mtupu, unga mara mbili, unga mara tatu (hii ya mara tatu achaneni nayo kabisa, inabanduka kwa vipande vikubwa zaidi). Kila mtu ana ushauri wake na wote wanaapa.

Siku moja badala ya kununa nikachukua kipande kilichobanduka nikakigeuza nikaangalia upande wa ndani. Juu krispi safi, chini kuna utando wa uji mbichi unaoteleza, mweupe, umelala katikati ya ganda na ngozi. Kumbe ndo mchezo wenyewe. Unga wa juu unaiva haraka unakuwa mgumu, wa chini umelowa maji ya kuku unabaki uji, afu mvuke unaotoka kwenye nyama ukitafuta njia unanyanyua ganda zima. Kwa hiyo ugomvi wangu ulikuwa na maji, yai wala mtindi havikuwa na kesi.

Basi nikaanza na kuku mwenyewe. Wa kisasa, aliyechinjwa siku hiyohiyo, maana yule wa barafu ukimyeyusha anatoa maji mpaka kesho. Kwa kuku wa kilo 1.2 naweka chumvi gramu 18, kama vijiko vitatu vidogo vya kufuta, napaka mpaka chini ya ngozi, analala kwenye friji juu ya waya, shelfu ya chini kabisa asije kudondoshea vitu vingine, bila kufunikwa. Asubuhi ngozi imekauka inanata kidoleni. Thomu siweki usiku tena kwa sababu mama watoto alifungua friji saa 11 alfajiri akatafuta maziwa ya mtoto na maneno niliyoambiwa siyaandiki hapa, sasa thomu na tangawizi vinaingia kwenye mtindi.

Afu unga mwembamba, unakung'uta haswa, mtindi uliolainishwa na maji kidogo, afu unga wa pili. Huo wa pili ni vikombe viwili vya ngano, nusu kikombe konfulawa, kijiko kidogo cha beking pauda, na kabla ya kuweka kuku nachovya vidole kwenye mtindi narushia matone kwenye unga navuruga mpaka unafanya vijidonge vidogo vidogo. Hivyo vijidonge ndo yale magamba mnayoyaona kwa wauzaji. Gandamiza kwa kiganja, usimuonee huruma.

Hapo nilikuwa nimefika na bado lilikuwa linabanduka, ila kidogo. Kilichomaliza kazi ni gesi kuisha! Kuku wote wameshavaa unga, mafuta yanaanza kupata moto, jiko likafanya pfff likazima. Mtungi kuagiza, bodaboda anasema yuko njiani, mnaijua hiyo "niko njiani", kuku wamekaa hapo kwenye waya wanangoja. Mtungi ulipofika ule unga mweupe haukuwepo tena, ulikuwa umelowana wote umekuwa rangi ya donge la maandazi, nikasema hawa wameharibika, kaanga tu tule yaishe. Haukubanduka hata mmoja.

Sikuamini, nikarudia kwa makusudi. Nusu ya vipande vikapumzika kama nusu saa mpaka usione unga mkavu popote, nusu nikavipaka unga muda huohuo wa kukaanga, karai moja, mafuta mamoja. Vilivyopumzika vimeshika, vingine vimevua nguo kama kawaida yao. Yaani unga unahitaji muda wa kunywa unyevu na kushikana na ngozi kabla ya moto, basi. Miezi yote hiyo dawa ilikuwa kukaa na kusubiri.

La pili ni kuacha kuchokonoa. Mafuta nayafikisha nyuzi 175 za selsiasi, kuku wakiingia yanashuka mpaka 150 na kitu, nayashikilia hapo 155 mpaka 165, na siwagusi mpaka ganda likaze. Bila kipimajoto unabahatisha, ile ya kuchovya kijiti cha mbao uone mapovu inakwambia mafuta yana moto, haikwambii moto kiasi gani. Karai la bati jepesi nimeligawa, linapoteza joto vibaya sana, sufuria nzito ya chuma ndo mpango mzima. Eya fraya msiniambie, ile ni oveni ndogo yenye feni. Na mafuta ya alizeti yale ya kukamua ya Singida nayapenda kwenye mboga, lakini kwa kukaanga hivi yanatoa povu na moshi mapema, tumia yaliyosafishwa.

Kuna ishu ya damu kwenye mfupa pia. Mama mkwe akiona wekundu karibu na mfupa anarudisha sahani, kwa heshima lakini anarudisha. Nimepima, nyama ilikuwa imeshapita 74 ambayo inatosha kabisa kiusalama, ila kuku wa kisasa anachinjwa mdogo, mifupa bado laini, rangi ya uboho inavuja nje hasa akiwa aligandishwa. Sikubishana. Mapaja nayapeleka mpaka 82, yanakuwa laini zaidi na mama anamaliza sahani.

Jirani akanishauri nikaangie kwenye presha kuka kama alivyofanya mzee Sanders, yule mwanzilishi wa KFC, kule Kentucky. Ni kweli alitumia presha, lakini mashine za kazi hiyo zimetengenezwa kwa mafuta, hii yetu ya maharage mpira wake na kifuniko ni vya mvuke wa maji. Jamani msijaribu, nawaomba.

Sos ya ukwaju niliyopanga kuifanya haikufanyika, maana katikati nikaona unga wa muhogo kabatini nikaweka mahali pa konfulawa kwenye vipande viwili. Ganda limetoka gumu, linavunjika kwa sauti, na lilipopoa bado linalia. Sasa ndo nimechanganyikiwa, nataka kujua kama ni muhogo wenyewe au ni bahati.

Na nina haraka kwa sababu mwisho wa mwezi kuku inabidi avuke na pantoni kwenda kwa shangazi Kigamboni, na kwetu chakula cha safari kinaingia kwenye hotpoti, na hotpoti inamlowesha kuku krispi kabla hujafika Magogoni. Nawaza kufunika kwa kitambaa nikaacha kifuniko wazi kidogo, au nimkaange mara ya kwanza nyumbani nimalizie kulekule kwa shangazi, ila jiko lake ni la mkaa na kipimajoto changu hakiendani na majivu. Mnaosafirisha, mnafunga na nini?