Ufagio wa asubuhi ya mwaka wa farasi

Juzi usiku binti yangu alimwaga unga jikoni, akashika ufagio. Nikamkatiza kutoka sebuleni bila hata kufikiri: "Acha! Usiku hatufagii." Akasimama. "Kwa nini, mama?"

Nikafungua kinywa nimjibu kama bibi alivyokuwa akinijibu mimi kule Muheza, kwamba unafukuza riziki. Jibu likakwama kooni. Nilikuwa nimeuona tena ule uwanja wa Hunan, kule China, mwekundu mtupu.

Wachina wameingia tena mwaka wa farasi, Februari 17, 2026. Wanyama wao wa miaka ni 12, kila mwaka na mnyama wake, kwa hiyo farasi huyu ndiye aliyenikuta kule 2014. Safari siisimulii: treni, tiketi isiyo na kiti, miguu imevimba, na rafiki yangu wa huko huko Hunan amelala juu ya begi langu. Alikataa katakata nibaki bwenini peke yangu sikukuu, akanibeba hadi kwao kijijini.

Tulifika siku moja kabla ya mkesha wa mwaka wao mpya na kukuta nyumba nzima inasafishwa. Nikaingia kazini nao. Nilitoa utando wa buibui, nikafagia hadi uvunguni. Bibi yake akaninyanyulia dole gumba. Sifa ile ndiyo iliyoniponza.

Mkesha tulikula tumezunguka meza yenye jiko chini yake na blanketi mapajani, maana baridi ya kule inakaa ndani kama mwenye nyumba. Akaletwa samaki mzima. Nikanyoosha vijiti, rafiki yangu akanikanyaga mguu: huyo hamalizwi, lazima abaki, kwa kuwa kwao "samaki" na "ziada" hutamkwa sawa. Bibi akanipa bahasha nyekundu, nikaipokea kwa mikono miwili. Hapo angalau malezi ya kwetu yalinifaa. Usiku wa manane zikalia fataki mpaka masikio yakaziba.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu kwangu ndiyo ilikuwa mwaka mpya wenyewe, Januari 31. Nikaamka kabla ya wote, kama binti yeyote aliyelelewa akalelewa, nikatoka nje. Uwanja ulikuwa umejaa vipande vya karatasi za fataki, vyekundu, vimelowa umande, vimenata kwenye saruji. Nikaona uchafu. Ufagio wao ni wa vijiti vya mianzi, mzito kuliko wetu wa chelewa, lakini unakwangua vizuri. Nikaanzia mlangoni kuelekea barabarani. Nilikuwa hata naimba.

Nilipogeuka, bibi alikuwa kizingitini na koti lake la pamba. Hakupiga kelele. Alikuja polepole, akaweka kiganja juu ya mkono wangu, ufagio ukasimama. Kisha akachukua kizoleo, akazoa lundo langu lote pale karibu na barabara, akarudi nalo. Akachota karatasi kwa mkono, akawa anazirusha uwanjani kidogo kidogo, kama mtu anayewamwagia kuku mtama. Kila konzi na maneno yake ya chini chini. Mimi nimeganda tu. Rafiki yangu akatoka mbio na nguo za kulalia, akatazama, akashika kichwa.

"Siku ya leo hakufagiwi," akaninong'oneza. "Unaifagia bahati inatoka."

Nikamwambia kwetu pia tunalo hilo, ila la usiku. Akalitafsiri. Bibi akacheka, kicheko kifupi, akaniuliza sasa kama nalijua, ilikuwaje? Sikuwa na jibu. Chai ilinywewa, wageni wakaja, mambo yakaenda.

Mwezi wa sita mvua kubwa ilifurisha bwawa la samaki la baba yake. Walikwenda na maji karibu wote. Rafiki yangu alinitumia picha ya bwawa, bila neno hata moja. Nami nikajibu pole, bila kuuliza lile nililotaka kuuliza. Mpaka leo sijauliza.

"Mama, kwa nini?" binti akarudia. "Riziki iko kwenye unga?"

Nikamwambia aukusanye nyuma ya mlango, tutautoa asubuhi. Kulipopambazuka nikaupita nikienda kuchemsha chai, nikaupita tena nikirudi. Nimekuja kuutoa saa nne, na huko nje kwanza nilichungulia kama kuna mtu anayeniona.