Kugongwa na gari lenye bima ya mashaka: jinsi nilivyolipwa

Nilikuwa kwenye foleni ya Barabara ya Sam Nujoma, karibu na Mwenge, Dar es Salaam, Noah ikanigonga kwa nyuma. Hakuna aliyeumia. Bampa ya IST yangu ilibonyea upande wa kulia, taa ikapasuka, buti likawa halifungi mpaka ulibamize. Ajali ya namna hii ndiyo ngumu kuidai, kwa sababu kila mtu anaiona ndogo. Trafiki anataka barabara ifunguke, aliyekugonga anataka yaishe, na wewe mwenyewe unashawishika kuondoka na namba ya simu tu. Mimi nina bima ndogo, ile ya shilingi 118,000 kwa mwaka (100,000 na VAT yake), na bima ndogo hailipi gari la aliyeikata. Kwa hiyo fedha ya matengenezo ingetoka sehemu mbili tu: bima ya yule bwana, au mfuko wake.

Kabla magari hayajasogezwa nilipiga picha. Nne za mbali, moja kila pembe, zikionyesha mistari ya barabara, matairi yameelekea wapi na kitu kisichohama, kama nguzo au kibao cha duka. Halafu za karibu: namba zote mbili, sehemu zilizogusana, vipande vya taa pale vilipoangukia. Vipande hivyo ndivyo vinavyoonyesha mgongano ulitokea wapi, hata magari yakishatolewa. Usizime huduma ya mahali (location) kwenye kamera, na usizitume kwa WhatsApp kama picha za kawaida ukadhani umezihifadhi, maana zikipita huko zinapoteza taarifa za saa na mahali. Baki na zile za asili kwenye simu.

Kisha, bila kumwambia mtu, nikaangalia bima. Stika siku hizi ni ya kielektroniki, kwa hiyo karatasi iliyobandikwa kwenye kioo si ushahidi wa kitu. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo unaoitwa TIRAMIS. Unaingiza namba ya gari, nao unakuonyesha kampuni iliyotoa bima, imeanza lini na inaisha lini. Ya Noah ilikuwa imeisha siku 11 zilizopita.

Hapa ndipo wengi wanapoponyokwa na haki yao. Bima inakatwa kwa simu ndani ya dakika chache. Ukisema kwa sauti "mbona bima yako imeisha," mwenzako anasogea pembeni, anampigia wakala, na hamjamaliza kubishana gari lina bima hai. Nikapiga picha ya skrini, saa ikionekana juu, nikaituma palepale kwa ndugu yangu ili ibaki na muda wa kutumwa. Jioni nilipoangalia tena, bima mpya ilikuwepo, imeanza siku ileile. Dereva akanitumia karatasi yake: "Kaka, si unaona ninayo, dai huko." Bima haifuniki ajali iliyotokea kabla haijaanza, na kukubali kuandika kwamba tuligongana saa mbili baadaye kungenifanya mimi nami mshiriki wa udanganyifu. Nilimjibu kwa ujumbe wa maandishi, si kwa kupiga simu, kwamba ajali ilitokea saa fulani na picha ninazo. Hatukuzungumzia tena bima ile.

Lakini mfumo ukikosa kuonyesha chochote, usikimbilie kusema gari halina bima. Gari lililotoka bandarini mara nyingi hukatiwa bima kwa namba ya chasis kabla ya kupata namba za usajili, na taarifa zinaweza kubaki hivyo. Tafuta tena kwa chasis. Ipo kwenye kadi ya gari na imegongwa kwenye bodi. Angalia pia aina ya matumizi. Bampa yenye namba ya njano ni gari binafsi, nyeupe ni la biashara. Gari la namba ya njano linalobeba abiria wa kulipa, huku bima yake ni ya matumizi binafsi, litakuletea ubishi na kampuni hata kama bima iko hai, kwa hiyo piga picha ya abiria wakishuka, kwa heshima, bila kuwaingiza kwenye ugomvi.

Dereva alitaka tuyamalize hapohapo kwa shilingi 100,000. Nilikataa, si kwa sababu ya kiasi tu. Hakuna anayejua gharama ya kugongwa nyuma kabla bampa haijafunguliwa. Plastiki ya bampa inarudi ilivyokuwa, inaonekana imekwaruzika tu, wakati chuma kilicho ndani kimepinda na bodi ya nyuma imesukumwa. Dalili iko kwenye buti: pengo la pembeni likiwa pana upande mmoja kuliko mwingine, bodi imehama. Ukiliacha, mvua ya kwanza maji yanaingia yanakaa chini ya tairi la spea, na kutu inaanzia hapo.

Trafiki alipofika nilimwomba afande achukue maelezo na achore mchoro, hata kama dereva amekubali kosa. Wapo wanaokwepa hatua hii kwa kuogopa magari kulala kituoni. Ni kweli inachosha, nilipoteza mchana mzima. Ila kampuni ya bima ikiingia kwenye suala hili itaomba fomu za polisi, PF 90 na PF 93, mara nyingi na PF 115, pamoja na mchoro, na ukienda kuzitafuta wiki mbili baadaye kwa ajali isiyoandikwa utaambiwa hakuna kitu. Dereva aliandikiwa faini ya papo kwa papo. Faini hiyo ni ya serikali, hakuna hata senti yake inayokuja kwenye bampa yako, lakini kuilipa ni kukubali kosa. Nilipiga picha ya ile karatasi ya faini. Kwangu ilikuwa na thamani kuliko ahadi zote alizonipa barabarani.

Kama shingo au mgongo unauma, omba PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kabla ya kutibiwa. Maumivu ya kugongwa nyuma hupenda kujitokeza asubuhi ya pili, na ndiyo maana karatasi yoyote inayosema "sina madai mengine" haisainiwi siku ya ajali. Bima inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, msingi wake ni kifo na majeraha ya watu wengine. Uharibifu wa mali unategemea kilichoandikwa kwenye mkataba wa bima.

Sasa suala la nani hasa unamdai. Aliyeshika usukani alikuwa deiwaka, dereva wa kushikiza tu. Kadi ya gari ilikuwa na jina la mtu mwingine, na yule mwenye gari wa sasa alikuwa wa tatu, kanunua bila kuhamisha umiliki. Nilichukua picha za leseni, kadi na kitambulisho cha NIDA, na namba za simu za dereva na za mwenye gari. Namba hazikubaliwi kwa kusikia. Nilianza kutuma 1,000 kwa kila namba kwenye huduma ya fedha ya simu, jina likatokea, nikaghairi. Ya dereva ilikuja na jina la mwanamke. Akasema ni ya mke wake. Nikataka nyingine, na ile ya pili ikalingana na leseni. Wengine hushikilia leseni au ufunguo kama dhamana. Sishauri. Leseni anaripoti imepotea anatoa nyingine, na ufunguo unageuza kesi: wewe ndiye unayeulizwa kituoni.

Kesho yake nilipeleka gari gereji mbili zinazotoa risiti ya EFD, nikaomba kila moja ifungue bampa kwanza ndipo iandike profoma, yaani makadirio ya gharama. Ya chini ilikuwa hivi: bampa ya mtumba 140,000, taa ya kulia 80,000, kunyoosha chuma na bodi ya nyuma 120,000, rangi 150,000, klipu na vikorokoro 20,000. Jumla 510,000. Fikiria kama ningechukua ile laki moja. Sikuanza matengenezo. Kama kampuni ya bima ingehusika, ingemtuma mkadiriaji alione gari likiwa bado bovu. Ukilitengeneza mapema unabaki na risiti za kubishania. Bampa ya zamani nayo niliihifadhi.

Mwenye gari, nikimsifu kwa hili, hakukataa deni. Alikataa kulipa kwa mkupuo. Tukakutana ofisi ya serikali ya mtaa anakoishi yeye, si ninakoishi mimi; nilitaka mwenyekiti anayemfahamu awe shahidi. Karatasi tuliyoiandika ilikuwa ya ukurasa mmoja, na kila sentensi ilikuwa na kazi yake. Ilitaja tarehe, saa na mahali pa ajali na namba za magari. Ilisema wazi kwamba gari lake ndilo lililogonga. Iliweka deni la 510,000 kwa tarakimu na kwa maneno, ikiambatanishwa profoma. Iligawa malipo: 250,000 siku ile, 130,000 mwisho wa mwezi, 130,000 mwisho wa mwezi unaofuata, yote kwa namba yangu ya simu ili ujumbe wa malipo uwe risiti. Ilisema awamu moja ikichelewa zaidi ya siku saba, salio lote linadaiwa mara moja. Tukasaini mwenye gari, dereva, mimi na mashahidi wawili, pamoja na dole gumba na muhuri wa mtaa.

Kwa nini kuhangaika na karatasi wakati ripoti ya polisi ipo? Kwa sababu bila makubaliano unadai fidia ya uzembe, na hiyo unatakiwa kuithibitisha kwenye mahakama ya wilaya au zaidi, pengine na wakili anayekula zaidi ya bampa yenyewe. Ukiwa na makubaliano yaliyosainiwa unadai deni la mkataba, na deni la mkataba linaingia Mahakama ya Mwanzo, unakozungumza Kiswahili chako mwenyewe ukiwa na karatasi mkononi. Muda nao unaongezeka: madai ya uzembe yana miaka 3, ya mkataba 6.

Mwenye bima kubwa, ile inayolipa hata gari lake mwenyewe, asifuate njia yangu bila kufikiri. Yeye anaitaarifu kampuni yake mara moja, inatengeneza gari, anachangia kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba, na kampuni ndiyo inayobaki na haki ya kumdai mkosaji. Akisaini pembeni kwamba amemsamehe, anaiua haki hiyo, na kampuni inaweza kugoma kumlipa yeye. Na kampuni ikikuzungusha bila sababu, ofisi za kanda za TIRA hupokea malalamiko, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Awamu ya pili ilichelewa. Siku ya nane nilipeleka barua, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, ikinukuu kile kifungu cha salio lote na kumpa siku saba kabla sijafungua shauri. Sikupiga simu, wala sikutuma ujumbe wa hasira. Ujumbe wa hasira nao husomwa mahakamani. Siku ya tano zikaingia 260,000 kwa mara moja.

Aliomba nimwandikie kwamba tumemalizana, na ni haki yake. Niliandika mwenyewe, kwa mkono: "Nimepokea 510,000 kwa uharibifu wa gari langu uliotokana na ajali iliyotajwa kwenye makubaliano yetu." Neno "gari" nililipigia mstari. Fundi alianza kazi Jumatatu iliyofuata, na chuma cha ndani kikakataa kunyooka. Ikabidi kinunuliwe kingine cha mtumba kwa 60,000, ambazo nilitoa mimi. Kwenye profoma ijayo, kama itakuwepo, nitaandika "kunyoosha au kubadilisha."