Nimekula Limburger

Shemeji alikuwa na shughuli zake Monroe, huku kusini mwa Wisconsin, Marekani, nami nikadandia safari. Tulipopita uwanja wa katikati ya mji nikamwomba asimame Baumgartner's, duka la jibini na baa lililoanza mwaka 1931. Nilitaka ile sandwichi ya Limburger, jibini yenye harufu kali, ambayo vibarua wenye asili ya Kijerumani walikuwa wakifunga kwenye chakula cha mchana.

Mkate mweusi wa rai, haradali, kitunguu kibichi kilichokatwa nene, na jibini yenyewe. Basi. Wanakuwekea na pipi ya minti, kwa heshima ya utakaozungumza nao baadaye.

Harufu ni ya soksi, tena soksi za mtu aliyeshinda shambani na mabuti. Na si matusi. Ganda la jibini hii hupakwa maji ya chumvi yenye bakteria aitwaye Brevibacterium linens, ndugu wa hao wanaoishi kati ya vidole vya miguu yetu. Mwaka 2006 Bart Knols na Ruurd de Jong walipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukakufikirisha, kwa kuonyesha kwamba mbu jike wa malaria, Anopheles gambiae, anavutwa na Limburger sawasawa na anavyovutwa na miguu ya binadamu. Kwenye tangazo la tuzo hiyo, kituo cha utafiti cha Ifakara kimetajwa. Ifakara! Mimi mtoto wa Kilombero, niliyelala utoto wote nikihofia mguu usitoke nje ya chandarua.

"Shem, kumbe mbu wa kwetu anapenda vya Kijerumani," nikasema. Hakucheka. Alikuwa ameshahamisha kiti.

Mdomoni ni jambo jingine kabisa. Laini, chumvi kiasi, uchungu kidogo, inakaribia ladha ya nyama. Ukali wote uko puani. Kitunguu ndicho kinachofanya kazi, kinausafisha ulimi kila unapouma, bila hicho ungechoka nusu ya njia. Haradali walizidisha.

Muuzaji alieleza kwamba ikiwa changa, ya mwezi mmoja, inamung'unyika na harufu haijakolea. Ya miezi mitatu ndiyo inayofukuza watu. Nimenunua ya katikati. Dada ameapa haiingii kwenye friji yake, kwa hiyo iko kwenye buti la gari la mumewe, na kwa baridi hii ya Januari wala haihitaji friji.