Kivuli laini au kivuli kikali: milima ya nchi za kubuni

Mteja akiniagiza ramani ya hadithi, kabla sijagusa karatasi kubwa humtumia kwa WhatsApp mlima mmoja nilioutia kivuli kwa namna mbili. Wa kwanza umepakwa wino uliozimuliwa kwa maji: ubavu wa kulia unakolea kileleni, unafifia taratibu ukishuka, mwisho unapotelea kwenye weupe wa karatasi. Wa pili hauna kijivu hata chembe. Kulia ni weusi tititi, kushoto ni weupe, na katikati unapita mstari wa mgongo wa mlima, ukishuka kwa kupindapinda. Karibu wote huchagua wa kwanza. Wanasema una uhai, una hewa. Na mimi, mara nyingi, huwabembeleza wachukue wa pili.

Sina ugomvi na kivuli laini. Naupenda mno wino ukitembea wenyewe kwenye karatasi nzito iliyoloweshwa kidogo. Ila kabla ya ramani nilikuwa mwandishi wa mabango hapa Tanga, maduka ya Ngamiani na majina ya ubavuni mwa mabasi, na kazi ile inakuzoesha kujiuliza kitu kimoja kabla ya chochote: anayesoma amesimama wapi, na ana muda gani? Ramani ya hadithi inasomwa mkononi, ndani ya kitabu, kwenye ukurasa usiozidi kiganja kwa ukubwa. Msomaji anairudia kila mhusika anapohama mji. Anatafuta jina. Anataka kujua jeshi lilivuka mto juu ya maporomoko au chini yake. Kivuli kinachomchelewesha hapo, hata kiwe kizuri vipi, kimekaa pasipo pake.

Halafu kuna uchapaji, na hili wateja wengi hawalifikirii kwa sababu wanaiangalia kazi kwenye simu. Vitabu vingi vya hadithi huchapwa kwa wino mweusi peke yake. Mashine haina wino wa kijivu. Kijivu chote unachokiona ni vidoti vyeusi vilivyopangwa, vidogo na vya mbalimbali pale penye wepesi, vikubwa na vya kubanana pale palipokolea. Chukua kioo cha kukuzia uangalie jina lililoandikwa kwa herufi ndogo juu ya mlima wenye kivuli laini. Tumbo la herufi "e" limejaa vidoti. Kingo za "m" zimeng'atwang'atwa. Jicho halijui lile ni jina au ni jiwe. Ukiipeleka ramani hiyohiyo steshenari ikatolewe fotokopi, na fotokopi ikatolewa fotokopi nyingine, kijivu chepesi kinatoweka na kijivu cha kati kinageuka madoa. Mlima wa weusi na weupe unapita safari hiyo yote ukiwa mzima.

Wachoraji wa zamani wa Ulaya waliochonga ramani kwenye mabamba ya shaba walilijua hili kwa lazima. Patasi ya shaba inatoa mstari, haitoi kijivu, kwa hiyo kivuli chote kilijengwa kwa mistari. Mwaka 1799 Johann Georg Lehmann, ofisa wa jeshi la Saxony, huko Ujerumani, aliweka kanuni: mteremko ukizidi ukali, mistari inanenepa na weusi unazidi. Baadaye ikaja ramani kubwa ya Uswisi iliyosimamiwa na Guillaume-Henri Dufour, ya kipimo cha 1:100,000, iliyotoka kwa sehemu kati ya 1845 na 1865. Hiyo iliongeza jambo ambalo bado linatutawala hata sisi tunaochora nchi zisizokuwepo: mwanga unaingia kutoka kaskazini-magharibi, yaani kona ya juu kushoto, na mistari ya upande wa pili inakuwa minene. Milima yake inainuka kwenye karatasi, na yote ni mistari. Nikikwama huirudia kuitazama.

Kwa nini kushoto juu? Anayeandika kwa mkono wa kulia huweka taa kushoto ili kiganja chake kisimfunike kazi, na jicho limezoea mwanga wa aina hiyo. Jua halina habari na kanuni hii. Uswisi jua la mchana linakaa kusini. Hapa kwetu, mwezi wa sita, jua linazama kama nyuzi 23 kaskazini mwa magharibi, kwa hiyo jioni za majira hayo Tanga inapata ule mwanga wa kwenye vitabu kwa kukaribia sana, na mimi hufurahi kila mwaka nikiliona hilo. Ila ramani ina jua lake, la ukurasa. Mteja mmoja alitaka kusini iwe juu, kwa mfano wa ramani ya dunia ya mwanajiografia Mwarabu Al-Idrisi ya mwaka 1154. Nikaigeuza nchi yake yote, lakini mwanga nikauacha kushoto juu palepale. Ukiugeuza pamoja na nchi, kreta na mabonde yanayotazamwa kutoka angani yanaanza kuonekana vilima. Milima iliyochorwa ikiwa imesimama inavumilia zaidi, kwa kuwa umbo lenyewe linakwambia kilele kiko wapi.

Sasa, hoja nzuri kuliko zote niliyowahi kupewa dhidi ya kivuli kikali ilitoka kwa dada mmoja wa Muheza. Anaandika hadithi ya falme mbili zinazogombea maji ya mto mmoja, na nchi yake, ingawa ya kubuni, imekulia kwenye vilima vya kwao. Nilimtumia mlima wa pili nikamweleza yote hayo ya vidoti na fotokopi. Akajibu: "Nimekuelewa kaka, lakini milima yako imenuna. Kwetu milima haijanuna."

Ni kweli. Weusi mkali wenye kona unasema mwamba mtupu, baridi, mahali pasipo na mtu. Yeye alikuwa na misitu, mashamba ya iliki, ukungu wa asubuhi na watu wanaoishi hadi karibu na kilele. Nikapanda daladala hadi Pongwe, mahali ambapo siku ya hewa safi Usambara ya Mashariki inaonekana vizuri, nikakaa na daftari asubuhi, nikarudi tena jioni.

Asubuhi jua linatoka upande wa bahari na kuipiga milima usoni. Hakuna upande wa kivuli. Kinachoonekana ni mikunjo: korongo hili limekolea kidogo, bega lile limepauka, na kila safu ya nyuma ni nyepesi kuliko ya mbele yake kwa sababu ya unyevu ulio hewani. Hicho ndicho kivuli laini, na hakuna kalamu inayoweza kukipata bila maji. Jioni jua liko nyuma ya milima. Mikunjo yote imefutika, imebaki safu moja nyeusi yenye ukingo uliokatwa sawasawa, na ukingo huo unajitambulisha: unaijua ni ipi hata ukiwa ndani ya gari. Mlima uleule, siku ileile. Na ukiendelea mbele hadi Mombo ukatazama juu kwenye Usambara ya Magharibi, ile inayopita mita 2,000, unakutana na kuta za mwamba ambazo hata asubuhi zinataka weusi.

Nilichojifunza pale Pongwe ni kwamba upole wa mlima unakaa kwenye ukingo wake. Kijivu kinausaidia tu. Mchoro wa jioni ulikuwa mweusi wote, lakini haukununa, kwa sababu ukingo wa Usambara ya Mashariki una mabega ya mviringo, umevimba kwa miti, hauna meno. Mimi nilikuwa nachora milima ya dada yule kwa mgongo wa kukatakata, ule wa milima ya theluji. Kilichotakiwa kubadilika ni mkono.

Basi safu yake ya nyumbani naichora hivi. Naanza kileleni na penseli nyepesi, nashusha mgongo kwa mikunjo ya mviringo, kushoto kidogo, kulia kidogo. Kila unapokunja natoa tawi fupi la kushuka upande wa kulia. Kati ya matawi hayo ndimo mlimo na makorongo, na weusi unaingia humo tu. Ubavu mzima siujazi. Weusi wenyewe naumalizia kwa mistari mifupi iliyopinda kufuata tumbo la kilima, inayotengana zaidi kila inaposhuka. Theluthi ya chini naiacha tupu kabisa. Huo ndio ukungu. Na ni hapo penye utupu jina la mlima linapokaa, jeusi juu ya nyeupe, bila kugombana na kitu. Ukipenda kutumia kompyuta hesabu ni ileile: brashi ngumu, weusi kamili, tabaka lake peke yake chini ya tabaka la majina.

Safu ya upande wa pili, ya ufalme unaouzuia mto kwa bwawa, nimeiachia meno yake. Weusi ubavu mzima, kona kali. Msomaji akifungua ukurasa anajua upande upi ni nyumbani kabla hajasoma neno lolote, na hilo kivuli laini peke yake kisingempa, maana kinafanya milima yote ifanane.

Bahari ni habari nyingine. Kwenye ramani ya rangi naipaka laini bila kusita: wino wa buluu unaokolea ufukweni na kufifia kuelekea kilindi. Najua kwamba maji halisi yanafanya kinyume, ya kina kifupi ndiyo mepesi. Ila ukingo uliokolea unaitoa nchi kavu mbele, na visiwa vya chini, vya matumbawe na mikoko, vya aina ya Kisiwa cha Toten kilichopo hapa ghubani, havina kimo cha kutia kivuli chochote. Bila ule ukingo vinapotea. Kwenye ramani ya wino mweusi naweka mistari ya mawimbi inayofuata pwani, mitatu au minne, kila mmoja mwembamba kuliko uliotangulia.

Nisichokubali ni kuchanganya namna mbili kwenye kitu cha aina moja. Milima miwili ya wino mkali na wa tatu wa kijivu, kwa sababu tu mchoraji alichoka au alipata brashi mpya, inamwambia msomaji kwamba ule wa tatu una siri. Atakwenda kuitafuta kwenye hadithi na hataikuta.

Dada wa Muheza ameukubali mchoro wa kitabuni. Sasa ameomba na nakala kubwa ya ukutani, ya rangi, itakayotazamwa na mtu aliyesimama mbali akiwa na muda wake. Hiyo naifanya yote kwa kivuli laini, na nitafuata alichokuwa akikisisitiza Mswisi Eduard Imhof, bingwa wa milima ya rangi aliyefariki mwaka 1986: tofauti ya mwanga na kivuli iwe kali vileleni na ipungue kadiri unavyoshuka tambarare, hewa ijae mabondeni. Karatasi ni ya gramu 300, nimeshaibandika kwenye ubao kwa gundi ya karatasi. Majina nitayaandika mwisho, wino ukishakauka kabisa, na kila patakapokaa jina napunguza rangi kwa brashi yenye maji safi kabla haijashika.